Suruali za Kiuno Arobaini na Mbili

"Jeshi limenenepa, jamani!"

Shangazi Vifungo alikuwa amejipachika tumboni kadibodi jipya la kipimo, lile la upande wa mbele wa suruali, na bado lilimzidi. Yeye alishona vifungo tangu kengele ya asubuhi hadi ya jioni, ila mdomo wake mwenyewe haukuwa na kifungo hata kimoja. Karakana nzima ikaangua kicheko.

"Kumbe sukari yetu inaishia huko!" akadakia mwingine. "Sisi chai chungu, wenzetu wanaota vitambi!"

Mkataji peke yake hakucheka. Alilichukua lile kadibodi, akalilaza mezani, akalipima kwa tepu, kisha akarudia. Kiuno inchi arobaini na mbili. Makalio mapana, miguu mifupi.

Miaka ishirini na sita alikuwa amesimama kwenye meza ile. Zamani walikata sare za shule. Vita vilipoanza kitambaa cha bluu kikaondoka, kikaja cha kijani, na ukutani palipokuwa na kalenda pakabandikwa tangazo: KILA MSHONO NI NGAO. Aliyeyatunga maneno hayo, bila shaka, hajawahi kudungwa na sindano. Mwaka wa kwanza walikata viuno vya ishirini na tisa, thelathini, miguu mirefu: vijana. Wanawe wawili waliondoka na kipimo hicho, na mmoja wao bado alikuwa akiandika barua. Mwaka wa pili vikaja viuno vya thelathini na nne, baba za watu. Na sasa hiki. Hakuna anayenenepa kwa chakula cha mgao, hilo hata mtoto mdogo analijua. Hizi zilikuwa suruali za wazee.

Na mzee mmoja mwenye kiuno hicho hicho alikuwa nyumbani kwake. Suruali zake alikuwa amezitanua mara tatu kwa mkono wake mwenyewe.

Jioni alimkuta ameketi mlangoni ananoa wembe. Mumewe alikuwa kinyozi, na kinyozi katika mji usio na wanaume ana muda mwingi wa kunoa. Nyuma yake dirisha lilikuwa wazi, halina pazia wala nondo. Mapazia walichukua watu wa kamati ya vita kwa ajili ya bandeji. Nondo walizing'oa kwa ajili ya chuma, wakaacha karatasi ya shukrani yenye muhuri.

"Leo nimenyoa kichwa kimoja," alisema. "Changu."

"Mzee wangu, una miaka mingapi?"

"Loo! Ndiyo unaniuliza leo, baada ya kunizalia watoto wawili? Hamsini na nane. Jeshini mwisho wao ni hamsini, kwa hiyo mimi ni wako, utake usitake."

Akamweleza habari ya kadibodi. Mume akalishika tumbo lake kwa mikono miwili, akacheka, kisha kicheko kikamwishia njiani.

"Basi wameshanipima," alisema. Akarudi kwenye wembe wake.

Alhamisi redio ikatangaza. Wanaume wote hadi miaka sitini wajiandikishe. Wataondoka baada ya wiki mbili.

Watu walikuwa wakisema vita vitakwisha kabla ya mvua, na mvua ilikuwa imebakiza mwezi mmoja na siku chache. Mkataji alizihesabu siku hizo kila alipolaza kitambaa. Mwezi mmoja tu, Mungu wangu, mwezi mmoja mzee wake akae pale mlangoni na wembe wake! Naye alikuwa mtu wa karakana. Alijua kwamba kitambaa kikikosewa kazi inalala, oda inangoja, na mabosi wanalaumiana kwa barua. Askari bila suruali si askari. Wangempeleka vitani na chupi?

Kwa hiyo Ijumaa, wenzake walipotoka kunywa ile chai yao chungu, alikata makadibodi yote mawili, la mbele na la nyuma, vidole viwili viwili kuanzia kiunoni hadi mapajani. Kisha akalaza kitambaa tabaka arobaini, akachora kwa chaki, akakata. Kitambaa kilikuwa kizuri, kizito, cha sufu, chenye bitana ya kuzuia baridi ya milimani kunakopiganwa. Roho ilimuuma kukiharibu, kwa maana fundi ni fundi tu. Walioshona walishona walichopewa. Suruali mia tatu zikaondoka, na chini ya kitanda chake akaweka kifurushi: kanga mbili, sabuni na mswaki. Alijua wakati wowote watakuja kumfunga.

Hawakuja. Zilizokuja, siku moja kabla ya wazee kuondoka, ni zile suruali mia tatu.

"Zimegoma kupanda," msimamizi alisema, akiangusha robota la kwanza mezani. "Zinaishia mapajani. Wazee wa watu wamehangaika nazo uwanjani mpaka watoto wanawacheka."

Mkataji akaweka mkasi chini, akangoja aulizwe. Alikuwa na uongo tayari, na ukishindwa angekiri tu.

"Tuanze upya?" alisema mwishowe. "Kama kitambaa kitapatikana, wiki tatu hivi..."

"Upya wa nini, mama? Wanaondoka kesho na suruali zao za nyumbani." Msimamizi alisema bila hasira, kama mtu aliyechoka tangu mwaka juzi. "Hizi tuzikate vitambaa vya mkono. Upana vidole vinne. Kila mzee afunge kimoja juu ya kiwiko, ijulikane ni askari. Mia tatu, kabla ya kengele."

"Na baridi ya huko?"

"Mimi nimetumwa vitambaa vya mkono."

Hakuna aliyeuliza nani kakosea. Mkataji, hata angepewa kofi, lingemsaidia. Alikumbuka suruali ya mzee wake, ile ya kijivu, nyepesi, iliyochakaa magotini, yenye kipande alichokiongeza nyuma ili tumbo lipate nafasi. Ndiyo atakayopanda nayo milimani. Alitaka kumzuia asiende, naye alichofanya ni kumvua nguo.

Akavuta suruali ya kwanza, akaikata mguu, akapata kitambaa. Akakizungusha juu ya kiwiko chake mwenyewe, akalegeza vidole vitatu, kwa sababu mkono wa mzee wake ni mnene kuliko wake, akatia alama ya chaki. Kisha akakata vyote kwa alama hiyo, vyote mia tatu, kwa kuwa hakujua kipi kitamfikia.

Shangazi Vifungo alikuja na kopo lake la vifungo, akasimama ubavuni kwake. Siku hiyo hakuwa na mzaha.

"Hivi havitaki kifungo, dada?"

"Hapana," mkataji alisema. "Vinafungwa tu."

Shangazi Vifungo akaketi kwenye stuli, kopo mapajani, akamtazama akikata.