Picha Isiyo na Maji

Tangu asubuhi Papa Médard, mtunza picha za zamani wa jengo la sayansi, alikuwa akifungua masanduku na kuyafunga. Maonyesho yalikuwa kesho: jengo lote kwa picha nyeusi na nyeupe, toka msingi mpaka paa. Msingi ulikuwapo, paa lilikuwapo. Picha ya kuta zikipanda, hakuna.

Célestine, mfagiaji wa jengo, alifagia pole pole, macho mezani. Ile picha aliitaka kuliko Papa Médard mwenyewe. Babu yake, Koko Léon, mvuvi wa maporomoko ya Wagenia, zamani alipenda kusema kwamba watu wa kwao ndio waliofunga miti waliyopandia mafundi wa jengo hilo. Nyumbani walimcheka: "Koko, ulikuwa unavua samaki kwa ukuta?" Siku hizi hasemi tena. Anakula, ananyamaza.

Pembeni kulikuwa na bahasha imeandikwa WAGENIA, MITEGO, yaani ile miti wavuvi wanayosimika majini kutegea samaki. Célestine akaegemeza fagio, akatazama picha ya juu. Miti imepishana, imefungwa kwa kekele, kamba ile ya porini. Akatazama tena, chini, nyuma.

"Papa Médard, hii haiko mitego."

"Ah, binti! Weye mutoto wa Wagenia unakatala miti ya kwenu?"

"Iko ya kwetu, papa. Lakini maji iko wapi?"

Papa Médard akavaa miwani. Miguu ya miti ilisimama mchangani. Nyuma yake, matundu ya madirisha yalijipanga safu kwa safu, madirisha yale yale ambayo Célestine huyapangusa kila siku.

"Eh, Mungu wangu! Tuliona miti, tukawaza samaki. Bon, nani alifunga?"

"Koko yangu."

"Unajua, ao unawaza?"

Célestine akatuma mtu amwite babu yake.

Mchana Koko Léon akafika amepakiwa kwenye toleka, baiskeli ya kubeba abiria, amevaa shati la misa. Akaikamata picha, akaisogeza karibu na pua.

"Hii fundo haiko yangu," akasema.

Célestine akalirudia fagio. Papa Médard akaangalia pembeni, kwa heshima.

"Iko ya Timothée, tulikuwa tunafunga pamoja. Muone, ameacha mukia ya kekele murefu. Nilimugombeza ile siku! Yangu iko huku juu, kwenye ule mutu amekaa."

Juu kabisa palikuwa na mtu mdogo kama sisimizi, mguu mmoja unaning'inia.

"Na ule mutu, koko?"

"Nani mwingine alikuwa na wazimu ya kukaa kule?"

Célestine akacheka mpaka akashika ukuta. Papa Médard akafuta MITEGO, akanoa kalamu ya risasi.

"Koko, tuandike majina namna gani?"

Mzee akafikiri.

"Timothée kwanza. Fundo yake ilikuwa mubaya, lakini haikufunguka. Na yeye alishakufa, hawezi kuja kujisemea."