Kilio cha Mushambuliaji

Tangu asubuhi Bibiane alikuwa ameketi kwenye mukeka chini ya turubai, na viti vya kukodi vilimutazama tu. Kilio bila maiti, watu wa Kalemie watakuja kufanya nini? Tena maiti ya Muitalia aliyefia kwao, aliyeondoka hapa mwaka wa uhuru akamuacha mama yake Bibiane na tumbo la mimba. Habari ya kifo ilifika kwa simu, kutoka kwa ndugu wa baba mumoja ambaye Bibiane hakuwahi kumuona.

"Mama, tukusanye viti," alisema Mujinga, muke wa mutoto wake. "Majirani wanauliza kama unalilia picha."

"Waache waulize. Papa yangu hataenda bubu."

Hapo ndipo palipomuuma. Kwenye kilio, kabla watu hawajatawanyika, lazima muntu wa upande wa marehemu asimame aseme alikuwa nani: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, aliishi namna gani na watu. Mufiwa mwenyewe hasemi, yeye anakaa chini. Na upande wa papa yake, Gualtiero, hapa Kalemie, ulikuwa Bibiane peke yake.

Jua lilipoanza kulegea, akaingia muzee Siméon na fimbo yake, kipa wa zamani wa timu ya reli. Akakaa, akanywa maji, akatazama ule utupu.

"Nani atasema historia yake?"

"Hakuna, Papa."

"Basi nitasema mimi."

Mujinga akacheka. "Papa Siméon, we uko Muitalia tangu lini? Inatakiwa muntu wa upande wake!"

"Upande wake? Miye nilisimama mbele yake Jumapili kwa Jumapili. Nani alimutazama kunishinda?"

Akasimama, akaegemea fimbo, akavisemesha viti kama vile vimejaa.

"Gualtiero alikuwa mushambuliaji. Kwao alicheza timu kubwa, watu walilipa kumuona, mpaka goti likaharibika. Ndipo akaja kutengeneza mashini za simenti kule Kabimba. Jumapili alicheza na wafanyakazi wenzake, dhidi yetu sisi wa reli. Kukimbia? Hapana! Alisimama kama muntu anayengoja meli ya Moba. Sisi tukamucheka. Mupira ukamufikia, akautuliza kifuani, muguu wa kushoto, paf! Naruka, naanguka, nageuka, uko ndani. Akaja kuniinua, akasema, 'Pole, kipa.' Alikuwa muntu."

Akakaa. Mujinga hakucheka tena.

"Papa," Bibiane aliuliza, sauti chini, "kuhusu mama yangu hakusema kitu? Hata jina?"

Muzee alitafuta kichwani mwake. Uongo mutamu ulikuwa karibu, na Bibiane angeupokea kwa mikono miwili.

"Hapana, mwanangu. Tulikuwa wapinzani. Tulisema mupira tu."

Machozi ambayo simu haikuyaleta yakaja sasa, polepole. Angalau alikuwa na muntu wa kumulilia: kijana mwenye goti bovu, anayengoja mupira. Lakini baba, hakumupata.

Siméon akaaga, Mujinga akamusindikiza mpaka barabarani. Historia ikishasemwa, mufiwa anainuliwa na ndugu zake, mumoja mukono huu, mumoja mukono ule. Bibiane alingoja kidogo, kwa adabu tu. Kisha akaweka kiganja chini, akajiinua mwenyewe.