Mlango wa Buluu

Mchoraji huyu hakufundishwa na mtu. Alijifunzia rangi zilizobaki kwenye makopo ya mafundi wa nyumba, na picha yake ya kwanza kupendwa ilikuwa mlango wa buluu, umefungwa. Hapo ndipo aliponaswa. Alizunguka dunia mpaka pasipoti ikajaa mihuri, na kila mji alikofika, wenye maonyesho, na tai zao shingoni, walimwambia yaleyale: "Tuchoree ule mlango." Akiwaonyesha soko au farasi, walitabasamu kwa adabu, kisha wakauliza mlango uko wapi. Akawalaani kimoyomoyo, akauchora.

Aliporudi nyumbani uzeeni kukaa moja kwa moja, mkewe alivaa gauni lake zuri, akavuta kiti katikati ya chumba cha kazi.

"Leo nichore mimi, baba watoto. Dunia nzima ina picha zako, mimi sina hata moja."

Mzee akafurahi kama mtoto. Akaanza na ukuta ulio nyuma ya kiti, maana ndivyo alivyojizoesha: nyuma kwanza, mtu baadaye. Mkono ukaenda wenyewe. Alipozinduka, turubai lote lilikuwa mlango wa buluu.

Mkewe akaja kuangalia.

"Mimi niko wapi hapa?"

"Uko... uko ndani," akajitetea.

"Haya, nifungulie basi."

Akachovya brashi, akaisogeza, kijasho kikamtoka. Miaka yote hiyo, hakuwahi kujifunza mlango ulio wazi unachorwaje.