Mahema Mapya ya Kikosi

Mkaguzi wa hesabu za serikali alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, lakini akilishika jambo haliachi mpaka litoe jibu. Ofisini walimwita Mama Risiti. Bunge lilipotaka kujua fedha za jeshi zimetumikaje, yeye ndiye aliyetumwa kambini kukagua mahema mapya.

Kanali alimpokea kwa heshima, akampeleka ghalani. Mahema yalipangwa hadi darini, yangali ndani ya plastiki.

"Haya hapa, mama. Yote yapo."

"Nimeyaona, Kanali. Sasa naomba tusimamishe moja."

Kanali akatabasamu. "Mama, hema ni hema tu. Na mawingu hayo unayaona."

"Hema hununuliwa kwa ajili ya mawingu kama hayo."

Basi askari wakalisimamisha uwanjani. Mama Risiti akaingia na kiti chake, akaketi. Kanali naye akaingia, maana mgeni haachwi peke yake. Mvua haikukawia. Tone la kwanza lilimwangukia Kanali begani, akajifanya hakuliona. Punde turubai likavuja kila pembe, kofia yake ikalowa chapachapa.

Wakatazamana. Kanali ndiye aliyeanza kucheka.

"Na vijana wangu wangelala humu mpakani," akasema, na cheko likakatika. "Maofisa wa makao makuu ndio walioyapokea, mimi nikakabidhiwa funguo. Lakini ghala ni langu. Nilipaswa kufungua hata moja."

"Utayasema hayo mbele ya wabunge?"

"Nitayasema. Andika."

Na aliyasema, bila kupepesa macho. Maofisa wawili walioyapokea mahema bila kuyafungua walisimamishwa kazi, na mwenye kampuni iliyoyauza akalazimika kuleta mengine kwa gharama yake. Safari hii Kanali hakungoja mvua. Aliagiza gari la zimamoto lije liyamwagie maji. Kisha akampigia simu mkaguzi.

"Nimetoka ndani ya hema nikiwa mkavu, Mama Risiti."

"Jina hilo umelitoa wapi?"

"Jeshi lina upelelezi wake, mama."

Mama Risiti akacheka mpaka mumewe akatoka jikoni, kisu mkononi, kuuliza kuna nini. Akamsimulia yote huku wakimenya viazi pamoja. Usiku huo alikula akashiba, akalala usingizi mnono.