Durham ya Barabara ya Summit

Mwalimu Harrison wa Vihiga alikuwa na dini mbili, ya Kikristo na ya Uingereza, na ya pili ndiyo aliyoishika zaidi. Alisema kwamba ujanani alisomea ualimu mwaka mzima katika mji wa kale wa Durham. Tangu hapo nyumbani kwake chai haikupikwa na maziwa kama chai ya watu. Maziwa yaliletwa kando, yamepoa, kila mtu akajimiminia na kunywa huku amekunja uso. Velma, bintiye, alikua akiinywa hivyo hivyo.

Huyo Velma ndiye ambaye kijana Timothy alitaka kumwoa. Balaa ni kwamba siku Timothy alipoaga kwenda ng'ambo, Mwalimu alimkumbatia akasema, "Nisalimie Durham." Badala ya kufungua mdomo aseme anakwenda kusoma Minneapolis, Marekani, Timothy alijibu, "Salamu zitafika." Angefanyaje? Mwalimu alikuwa ameshatangaza hadi kanisani kwamba Marekani ni ya walioshindwa kuingia Uingereza, na binti yake haolewi na mtu wa huko. Velma alijua ukweli, na alimwambia Timothy neno moja tu: umeyataka mwenyewe.

Sasa Mwalimu alitaka picha za Timothy akiwa Durham. Bila picha, wazee wa Timothy wasikanyage kwake kuja kuposa.

Ndipo Jumapili moja ya Oktoba, mwaka wa tisini na tano, Timothy alipovaa tai na koti la kuazima, akapanda basi kutoka mtaa wake wa Cedar-Riverside hadi mji jirani wa Saint Paul. Alikuwa na binamu yake Peris, aliyefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee na ambaye ndiye mwenye kamera. Walitembea Barabara ya Summit polepole, wakiitafuta Uingereza. Ilikuwepo, ila ilibidi ibembelezwe. Majumba ya mawe yenye minara yalikuwepo, na kuta zilizofunikwa na mimea itambaayo. Lakini mbele yake yaliegeshwa magari marefu yenye usukani wa kushoto, na kila baraza lilikuwa na maboga yaliyochongwa meno, kama Wamarekani wafanyavyo kila Oktoba.

"Songa huku, kuna Chevrolet imekuingia kwa sikio," Peris alisema. "Weka ile sura ya mtu amekula viazi bila chumvi."

"Nicheke?"

"Waingereza hawachekangi. Na ngoja huyo jogger akimbie apite. Aki huyu mtu, kaptura na hii baridi!"

Kufikia mchana walikuwa wameisahau kazi yenyewe. Waliketi kwenye ukuta mfupi juu ya bonde la Mississippi, wakala chapati baridi na kuyacheka majumba: nani anayapiga deki, na mgeni akilala huko juu mnarani ataitwaje kula. Timothy alikuwa ameujua mji huu kutoka dirisha la basi tu, akikimbilia darasa au zamu. Leo aliupenda, na ilimuuma kwamba siku nzuri namna ile angeiita ya mahali pengine.

Jumba la mwisho lilikuwa la mawe mekundu, lenye mnara wa duara. Alisimama langoni, Peris akapiga mpaka filamu ikaisha.

Kutuma picha kwa posta kusingewezekana, kwa kuwa stempu ingesema yote. Rafiki yao Jotham alikuwa anasafiri kwenda nyumbani, akazichukua mwenyewe dukani zilikosafishwa, akiwa njiani kwenda uwanja wa ndege. Timothy hakuziona hata moja. Jioni hiyo Peris akampigia simu.

"Timo, ile nyumba red. Si kulikuwa na flag kwa veranda?"

Ilikuwepo. Bendera ya Marekani, kubwa kama shuka.

Wiki mbili nzima Timothy aliishi kama mtu aliyemeza mfupa. Alipojikaza akapiga simu Vihiga, Velma ndiye aliyepokea.

"Baba ameita majirani," alinong'ona. "Amewaonyesha ile nyumba nyekundu. Amesema hapo ndipo alipokaa Durham, kwa mama mmoja mjane, chumba cha mnarani. Amewaonyesha hadi dirisha lake."

"Velma, hiyo nyumba iko Saint Paul."

"Si najua!"

"Na bendera?"

"Ameikata na makasi kabla wageni hawajafika. Nimeokota kipande chini ya meza." Kisha akasema kwa hasira, "Timo, nimekunywa ile chai maisha yangu yote, kumbe hata Durham hajawahi kufika!"

Simu ikabadilisha mikono.

"Kijana," ilisema sauti ya Mwalimu. "Picha nimeziona. Yule mama mwenye nyumba... bado yu hai?"

Timothy angeweza kummaliza hapo hapo. Lakini hofu ya kugunduliwa iliyokuwemo katika sauti ile aliijua vizuri sana, maana alikuwa amelala nayo wiki mbili. Akamwonea huruma mzee, akajionea na yeye mwenyewe.

"Yu hai, Mwalimu. Anakusalimu sana."

Mwalimu alishusha pumzi ndefu. "Basi waambie wazee wako waje Desemba," alisema. Kisha Timothy akamsikia akigeuka na kuita kwa sauti: "Velma! Leo chemsha chai pamoja na maziwa."