Mbuzi wa Yotham

Yotham alikula sahani mbili za pilau ya mbuzi wake mwenyewe, akaomba na mfupa wa kuguguna.

Hakujua. Nami sikujua. Tulikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba alikuwa amehamishwa kazi kutoka Bukoba, tukaja kuishi Ihumwa, na darasa zima lilinicheka lafudhi isipokuwa Yotham, aliyesogea na kunipa nafasi kwenye dawati lake. Siku tatu kabla ya kipaimara changu akaja na mbuzi jike mweupe, amemfunga kamba. "Octavian, huyu akae kwenu," akasema, akaondoka zake. Wavulana kwa kueleza mambo, hatujambo! Mama akashukuru Mungu, akanoa kisu.

Wiki iliyofuata Yotham akapiga hodi, amekumbatia fungu la majani mabichi.

"Shikamoo mama. Nimekuja kumwona mbuzi."

Mama alinitazama, nami nikamtazama mama.

"Yuko malishoni," nikadakia. Uongo wa kipumbavu kabisa.

"Haya, mpeni haya akirudi."

Alipoondoka, mama alimkimbilia jirani yetu, mama Evodia, Mgogo wa hapo hapo. Mama Evodia akashika kichwa. Kumbe mtu akikuachia mbuzi wake umtunze, amekuchagua uwe rafiki yake wa kudumu. Maziwa unakunywa, watoto wa mbuzi mnagawana. Na mbuzi akifa, unapeleka ngozi, mwenyewe aione kwa macho yake.

Nilijichukia. Rafiki nilikuwa naye mmoja tu mji mzima, na nilikuwa nimemla.

Jumamosi asubuhi niling'oa ngozi pale mama alipoiwamba ikauke, nikaikunja kwapani, nikaenda. Yotham na baba yake, mzee Zablon, walikuwa wanaziba ua wa zizi kwa miiba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Nikaitandaza ngozi chini.

"Hakufa, Yotham. Tulimchinja. Nilidhani ni zawadi ya sherehe. Na juzi nilikudanganya."

Yotham alichuchumaa, akaipapasa ngozi. Akainua uso, amekunja ndita.

"Ile pilau?"

"Ile ile."

"Na ule mfupa?"

"Na ule mfupa."

Mzee Zablon akageukia zizi, lakini mabega yalimsaliti, yalikuwa yanacheka peke yake. Yotham alijikaza, akajikaza, kisha akaanguka chali kwenye samadi, anacheka mpaka machozi. Mimi nililia kwanza, ndipo nikacheka. Sijawahi kufurahi vile.

"Majani yangu je, nayo mmekula?" akauliza.

Akaingia zizini, akatoka na mbuzi jike mdogo wa kahawia.

"Huyu akae kwenu. Anaitwa Pilau, ili mama asisahau."

Nilimbeba mwenyewe. Yotham akanisindikiza njia nzima mpaka mlangoni kwetu, kisha akakaa mpaka jioni, akidai anamlinda mbuzi.