Shavu la Kulia

Wajukuu huniuliza kwa nini nina chale shavu moja tu, kama mtu aliyenawa uso upande mmoja. Huwaambia shavu la pili liko kwa dada yangu, Ciwang.

Ciwang alifuma kuliko wanawake wote wa bonde letu. Rangi nyekundu ya nyuzi ilimganda viganjani hata maji hayakuitoa, na kwetu Watruku msichana wa namna hiyo ndiye anayestahili kuchanjwa uso. Lakini serikali ya Wajapani ilikuwa imekataza chale. Aliyekutwa nazo angeweza kukatwa ngozi yenye chale. Kwa hiyo Bibi Habaw, mchanjaji wetu, alimlaza pangoni nyuma ya maporomoko, maji yameze mlio wa nyundo yake ya kugongea sindano. Alimaliza shavu la kushoto. Kabla hajagusa la kulia, askari wa doria wakapita, Bibi na Ciwang wakakimbia kila mtu na njia yake. Ciwang alijificha mtoni kutwa nzima, maji yakimfika shingoni. Homa ikamchukua siku ya nne.

Aliyekufa huvuka upinde wa mvua kwenda kwa wahenga. Mwanzo wa daraja hilo yupo mzimu anayekagua uso na viganja. Ambaye hajatimia hazuiwi tu. Mwishowe hutumbukia chini, kwenye mto wa kaa mkubwa alaye wafu.

Wiki moja baada ya mazishi ukungu ulishuka asubuhi, tukasikia gogo la kufumia, lile linalolia mfumaji akikaza uzi, likigongwa ng'ambo ya korongo. Ng'ambo ile ni jabali tupu. Mama aliacha kumenya viazi. Mara mbili, kimya, mara moja: ndivyo Ciwang alivyogonga uzi siku zote. Kila ukungu uliposhuka tulimsikia, na kila mara sauti ilikuwa imesogea kidogo kuelekea ukingo wa korongo.

Mama alinishika mkono tukaenda kwa Bibi Habaw. Akamwomba afukue kaburi, amalizie. Bibi alisema maiti haitoi damu, na bila damu masizi hayashiki. Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa na miaka tisa.

"Huyu?" Mama akasema. "Juzi kafuma mkanda, umetoka kama mkia wa mbwa."

"Atajifunza." Bibi akapiga magoti mbele yangu. "Iwal, mjukuu wangu, nitakuchanja shavu la dada yako. Si lako, unamtunzia. Ufume mpaka viganja vishike rangi, halafu umpelekee siku yako ikifika. Mtasimama bega kwa bega, mashavu matupu yagusane katikati, na mzimu ataona uso mmoja."

"Nikikataa, Bibi?"

"Hakuna atakayekugombeza. Utamsikia tu, mpaka siku ambayo hutamsikia tena."

Nikalala chini. Nyundo ilipoanza kugonga, jua lilikuwa linawaka na hapakuwa na ukungu hata kidogo, lakini ng'ambo kukaitika. Mara mbili, kimya, mara moja. Bibi Habaw akabadili pigo lake, akaufuata mkono ule mpaka mwisho.

Uso ulinivimba. Mama alininywesha uji wa mtama kwa mrija wa mwanzi, akawafukuza binamu zangu wasije wakanichekesha. Siku ya tatu akaja mkubwa wa kituo cha Wajapani pamoja na Pisaw, kijana wetu aliyevaa sare yao. Pisaw akafunua kitambaa changu. Aliona.

"Jino bovu," akamwambia mkubwa wake. "Linanuka, afande, usisogee."

Akanifunika tena polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Mlangoni akamnong'oneza Mama kwamba siku hizi Ciwang anagonga taratibu. Tukajua kwamba naye humsikia.

Tangu hapo sauti haikusogea tena. Ilitulia pale pale ukingoni, miaka sabini na miwili. Nami nimefuma. Mikanda ya mikia ya mbwa niliifumua yote, na viganja vyangu sasa ni vyekundu, sabuni haiviwezi.

Wiki hii ukungu umeshuka kila asubuhi, na gogo halilii. Nasikia nguo iliyokwisha kufumwa ikikunjwa, nguo ndefu, na mtu asiye na haraka. Na nikiamka, shavu langu la kushoto, lile tupu, huwa baridi na lina unyevu, kama lililoegemewa na shavu jingine.